Chawa wa ndege: jina umpe kwa kumwangalia ndege, kwa hadubini au kwa DNA?

Una kichupa cha spiriti, ndani kuna chawa uliowatoa kwa njiwa au kunguru au kanga, na unatakiwa uandike hawa ni spishi gani. Njia ziko tatu na watu wa fani hii wamebishana nazo miaka na miaka. Ya kwanza unaangalia katoka kwa ndege gani, unafungua orodha, unachukua jina. Ya pili unamweka kwenye slaidi unamkagua mwenyewe nywele kwa nywele. Ya tatu unasoma vinasaba. Jibu langu nalitoa hapa hapa: slaidi kwanza, DNA iwe shahidi wake, na ndege akuonyeshe tu pa kuanzia kutafuta. Ila kila njia ina shimo lake na ukilijua utaelewa kwa nini majina ya hawa wadudu yanabadilika kila baada ya muda, tena wakati mwingine kwa sababu za msingi kabisa.

Kabla hatujaenda mbali, hakikisha kwanza uliyemshika ni chawa kweli. Wafugaji wengi huita utitiri kila kidudu kinachotembea kwa kuku, wakati utitiri wenyewe ukishakua una miguu minane na chawa ana sita, hana mabawa, kalala bapa. Haya.

Njia ya kumwangalia ndege inavutia sana na sababu yake ni ya kweli. Chawa wa ndege maisha yake yote yako juu ya mwenyeji, yaani ndege anayembeba, yai linagandishwa kwenye unyoya, tunutu, yaani watoto wake, wanakulia humo humo, na kuhama ni mpaka ndege wagusane, mama akilalia vifaranga au dume akipanda jike. Sasa kama hahami ovyo, ndege wakigawanyika wakawa spishi mbili na chawa nao si watagawanyika? Hapo ndipo ilipotoka ile kanuni wanayoiita ya Fahrenholz, Mjerumani wa mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba ukoo wa kimelea unafuata ukoo wa mwenyeji, na Mjerumani mwenzake Eichler ndiye aliyeipa jina la kanuni. Matokeo yake watu wakawa wanaona ndege mpya wanaandika chawa mpya, majina yakajaa. Mwaka 1952 G.H.E. Hopkins, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Uganda enzi za mkoloni, na Theresa Clay wa makumbusho ya London wakatoa orodha yao ya jenasi na spishi, na majina kibao wakayaunganisha na mengine kwa kuwa hayakuwa na tofauti ya kueleweka zaidi ya ndege tofauti.

Mahali ambapo hii njia imewaumbua watu vizuri ni kwa heroe, wale flamingo wetu wa Natron na Nakuru. Chawa wa heroe wanafanana mno na chawa wa bata, jenasi kama Anaticola na Anatoecus utazikuta kwa wote wawili. Basi wapo waliosema, unaona, heroe ni ndugu wa bata, chawa wametoa ushahidi. Baadaye ikajulikana ndugu wa karibu wa bata ni ukoo wa kuku, hivyo wakageuza maelezo wakasema ah, basi chawa waliruka kutoka kwa bata kwenda kwa heroe. Halafu vinasaba vya ndege vikatoa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, kwamba jirani wa heroe kwenye ukoo ni kibisi, kale kandege kanakozama majini. Mtafiti wa chawa Kevin Johnson na wenzake mwaka 2006 wakapima chawa wenyewe, wakakuta chawa wa heroe na wa kibisi wana asili moja kama wenyeji wao, na safari ya kwenda kwa bata ilianzia kwa heroe, yaani kinyume kabisa cha walichokuwa wanasema. Ndege wale wale, chawa wale wale, hadithi tatu tofauti. Kwa hiyo ukoo wakati mwingine unafuatana kweli, tatizo ni kwamba huwezi kujua lini unafuatana mpaka umpime chawa mwenyewe.

Na hata ndani ya ndege mmoja mambo hayaendi sawa. Njiwa ana chawa wembamba wanaokaa kwenye mabawa, jenasi Columbicola, na ana wafupi wanene wanaojificha kwenye manyoya laini ya mwilini. Mtafiti mwingine wa chawa, Clayton, na huyo Johnson walipolinganisha koo zao mwaka 2003 wale wa mwilini walifuata ukoo wa njiwa vizuri, wa mabawani wapi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba wa mabawani wana usafiri, wanajishikilia kwenye miguu ya nzi bapa wanaonyonya damu ya njiwa na kushushwa kwa njiwa mwingine kabisa, wakati wa mwilini hawaiwezi hiyo kazi. Kwa hiyo ukiwa na Columbicola mkononi, jina la njiwa lina uzito mdogo kuliko ukiwa na yule mnene. Hiki ni kitu cha kukumbuka maana orodha haikuambii.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha yule njiwa wa Amerika Kaskazini, Ectopistes migratorius, aliyekuwa kwa mamilioni kwa mamilioni akaisha kabisa, wa mwisho akafia kwenye zuu ya Cincinnati mwaka 1914. Malcomson mwaka 1937 akaandika chawa wake, Columbicola extinctus, na ikachukuliwa kwamba ametoweka pamoja na mwenyeji. Baadaye Tendeiro mwaka 1969 akaongeza wa pili, Campanulotes defectus, naye akahesabiwa marehemu. Sasa mwaka 1999 Clayton na Price wakamkuta extinctus yuko hai anakula manyoya ya njiwa mwingine wa Amerika, Patagioenas fasciata, hana habari. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba yule defectus ni spishi inayojulikana ya njiwa wa Australia, Campanulotes flavus, lebo tu ndiyo iliyokuwa na makosa au chawa walichanganyika. Yaani spishi mbili zilihesabiwa zimekufa, moja ilikuwa kwa jirani, nyingine haikuwahi kukaa kwa huyo njiwa! Yote kwa sababu mwenyeji aliandikwa kwenye lebo na watu wakamwamini. Ukikusanya, kila ndege mfuko wake, trei safisha kabla ya ndege wa pili, chawa ni wepesi kubaki kwenye kitambaa kuliko unavyodhani.

Twende kwenye slaidi. Kazi yake ni ya mikono na inachosha: unamloweka kwenye potasi ili sehemu laini za ndani ziyeyuke abaki ganda, unamsafisha, unampitisha kwenye spiriti inayozidi ukali, halafu mafuta ya karafuu yanamfanya angavu, mwisho unamlaza kwenye Canada balsam, utomvu wa mti unaoganda kama gundi, unafunika. Akikauka vizuri huyo anakaa zaidi ya miaka mia, na mtu wa nchi nyingine anaweza kumkagua akakukatalia. Hilo ni kubwa.

Unaangalia nini? Mgawanyo mkubwa kwanza, makundi mawili ya chawa wa ndege. Akiwa Amblycera vipapasio vimefichwa kwenye mfereji wa pembeni ya kichwa, akiwa Ischnocera vipo nje vinaonekana kama uzi. Ukishajua hapo umeondoa nusu ya kazi. Kwa kuku mfano mzuri ni Menopon gallinae na Menacanthus stramineus, wote Amblycera, wote rangi ya majani makavu, mfugaji hawezi kuwatofautisha kwa macho. Kwenye slaidi, Menopon ana safu moja ya nywele kwenye kila pingili ya tumbo na Menacanthus ana safu mbili, pia Menacanthus ana vimiiba chini ya kichwa. Na tofauti hii si ya wasomi tu. Menacanthus anakaa kwenye ngozi, anatafuna mpaka damu inatoka, mayai yake yanashikana vichala kwenye mashina ya manyoya karibu na tundu la haja, ndiye anayemkondesha kuku. Menopon anakaa zaidi kwenye manyoya na madhara yake ni madogo. Hapo ndege ni yule yule mmoja, kuku, kwa hiyo njia ya kwanza haikusaidii chochote, na kwa kazi ya kila siku kupeleka DNA ni kupoteza hela.

Shimo la slaidi ni mbili. La kwanza ni kwamba chawa anachongwa na mahali anapokaa. Anayekaa bawani anakuwa mrefu mwembamba aweze kujibana katikati ya nyuzi za unyoya asifikiwe na mdomo, anayekaa kichwani anakuwa mnene mwenye kichwa cha pembetatu kwa kuwa ndege hawezi kujidonoa kichwani, wa mwilini anakuwa mviringo. Utafiti wa 2012 wa Johnson na wenzake ulionyesha maumbo haya yamejitokeza tena na tena kwa koo tofauti. Kwa hiyo ukiweka wembamba wote kapu moja umeweka watu wasio ndugu nyumba moja, na zamani walifanya hivyo sana, kila chembamba kinaitwa Lipeurus basi.

La pili ni ukubwa na rangi. Pale Utah, Marekani, kwenye maabara ya Clayton na Sarah Bush, walichukua Columbicola columbae wa njiwa wa kawaida wakawaweka kwa njiwa weupe, weusi na wa kijivu, na pia kwa njiwa wa kufugwa wa jamii kubwa zaidi. Kwa takriban miaka minne, kama vizazi 60 vya chawa, wale waliowekwa kwa weupe wakawa weupe zaidi na wa kwa weusi wakawa weusi zaidi, kwa sababu ndege anamtoa yule anayemwona. Wa kwa njiwa wakubwa wakawa wakubwa, na wakubwa wakikutanishwa na wadogo kupandana kukawa na shida. Matokeo hayo yalitoka 2019. Sasa fikiria mkusanyaji anayepita bila kujua historia, anapima hawa, huyu mweupe mdogo, huyu mweusi, huyu mkubwa, si anaandika spishi tatu asubuhi hiyo hiyo? Ndiyo maana mimi kipimo cha urefu na rangi peke yake sikikubali kwenye maelezo ya spishi mpya, nataka kuona sehemu za uzazi za dume na mpangilio wa nywele. Kama una majike na tunutu tu, andika jenasi uache hapo.

DNA inaokoa hapo hapo kwa tunutu, maana vinasaba vya tunutu na vya mzee wake ni vile vile. Na inaona wasioonekana. Columbicola passerinae kwa hadubini ni mmoja, kwa vinasaba wakatoka wawili, mmoja anakaa kwa Claravis pretiosa, hua mmoja wa Amerika, mwingine kwa hua wadogo wa jenasi Columbina, na majaribio ya 2009 ya kuwahamisha yakaonyesha tofauti ya wenyeji ni ya kweli. Hapa ndege karudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu DNA na mwenyeji wanasema kitu kimoja. Nikiona hivyo naamini kabisa.

Lakini usije ukachukua zile asilimia za tofauti ya DNA zinazotenganisha spishi za vipepeo ukazileta huku. Vinasaba vya mitokondria vya chawa, vile vya nje ya kiini cha seli, vinabadilika haraka kuliko vya ndege wanaowabeba, na kwa chawa wengi hata ile pete moja ya kawaida ya vinasaba hivyo haipo, imekatika vipete vidogo vidogo. Tofauti kubwa ndani ya spishi moja siyo ajabu. Mtu akiniletea gene moja, chawa watatu, na jina jipya, namrudisha akatafute gene za kwenye kiini na chawa zaidi.

Halafu kuna suala ambalo watu wa maabara hulisahau. Jina la spishi limefungwa kwenye sampuli mama, holotaipu, na za chawa nyingi ziko kwenye balsam tangu enzi za mababu, London na kwingineko, kuzitoa vinasaba ni shughuli pevu na mara nyingi hazitoki. DNA ikikuambia spishi moja kumbe ni mbili, jina la zamani anabaki nalo nani? Lazima urudi kwenye ile slaidi umtazame kwa macho. Ndiyo sababu nasema slaidi ndiyo hakimu, maana faili liko kwake. Na bahati nzuri huhitaji kuchagua: unamchana chawa kidogo, unamloweka kwenye kimeng'enya, vinasaba vinatoka, ganda linabaki zima, unalilaza kwenye slaidi. Chawa mmoja, ushahidi wote. Wanaomsaga chawa mzima mimi siwaelewi kabisa.

Sasa kubadilisha majina, kuunganisha au kugawa. Upande wa kuunganisha mfano ni Roger Price mwaka 1975 na Menacanthus eurysternus, alichukua majina mengi yaliyokuwa yametolewa kufuata ndege akayaweka chini ya moja, chawa anayepatikana kwa ndege wadogo waimbao wa aina zaidi ya mia. Kwa maumbile alikuwa na hoja, na kazi ya vinasaba ya 2015 kwenye jenasi hiyo imeonyesha wanaokaa kwa wenyeji wengi na wanaokaa kwa mmoja wapo bega kwa bega. Upande wa kugawa ni Gustafsson na Bush, 2017, kitabu kizima cha kurasa 443 kwenye jarida la Zootaxa juu ya kundi la Brueelia, jenasi iliyokuwa jalala la chawa wa ndege waimbao, wakaipasua jenasi kwa jenasi. Hapa ndipo nabadilika: kwenye spishi nataka mtu aunganishe akiwa na shaka, kwenye jenasi nawafuata wagawaji endapo maumbile na vinasaba vinakubaliana, na kwa Brueelia mti wa vinasaba ulitoka mwaka mmoja kabla, 2016, kwa hiyo hawakukurupuka. Ukikuta chawa wa kunguru au shomoro ameandikwa Brueelia kwenye ripoti ya zamani, ipitie upya kwa ufunguo wa utambuzi wa kitabu hicho cha 2017 kabla hujainakili.

Kuna sababu nyingine ya kutochezea maamuzi haya. Kondori wa California, ndege wakubwa wala mizoga, walipobaki 27 mwaka 1987, wote kwenye mabanda, walipigwa dawa ya chawa, na Colpocephalum californici, spishi iliyoandikwa kwa ndege huyo peke yake, hajaonekana tena. Ukiamua ni spishi yake mwenyewe, basi dawa imefuta spishi duniani. Ukimuunganisha na jirani, hakuna kilichopotea. Jina linabeba uzito huo.

Kwenye kutoa jina jipya lenyewe, la ndege, la mtu au la sura? La ndege linasaidia kukumbuka, ila likikosea halifutiki, kanuni za majina ya wanyama haziruhusu kulibadilisha eti kwa sababu haliendani na hali, ndiyo maana extinctus anaendelea kuitwa hivyo akiwa mzima wa afya. La mtu halina hatari hiyo, Clayton mwaka 1990 alimpa chawa wa bundi jina Strigiphilus garylarsoni kwa heshima ya mchora katuni na hakuna aliyeumia. Mimi ningechukua la sura au la mtu.

Orodha ya kuanzia chagua ya 2003 ya Price, Hellenthal, Palma, Johnson na Clayton, ina spishi zaidi ya 4,400 za chawa watafunaji pamoja na wenyeji wao, ile ya 1952 ibaki ya kufuatilia historia. Na kama kazi yako ni kuku na kitabu ulichonacho ni cha zamani, ujue Menopon biseriatum na Eomenacanthus stramineus wote ni Menacanthus stramineus wa leo, Lipeurus heterographus amekuwa Cuclotogaster heterographus, Lipeurus variabilis ni Lipeurus caponis, Goniocotes hologaster ni Goniocotes gallinae, na Goniocotes gigas amehamia Goniodes. Kundi lenyewe la chawa watafunaji waliloliita Mallophaga nalo limevunjwa, kwa sababu chawa wanyonyaji wa mamalia, wa binadamu wakiwemo, ukoo wao umechipukia ndani ya hao hao watafunaji, na chawa wote kwa pamoja sasa wamewekwa oda ya Psocodea na wale wadudu wadogo wa kwenye vitabu vya zamani. Ukiona mabano kama kwenye Menopon gallinae (Linnaeus, 1758) usidhani ni mapambo, yanakuambia Linnaeus alimwandika kwenye jenasi nyingine, yeye chawa wote aliwaita Pediculus. Kwenye ripoti andika jina la sasa, la zamani liweke mara moja tu pembeni yake, na namba ya slaidi iwepo ili mwingine aje amwangalie huyo huyo.